Safari ya Pingili ya Muhogo

Msomaji wangu, ukipata siku moja kutembea katika njia za Khwisero, Kaunti ya Kakamega, utaona kwamba karibu kila boma lina shamba lake dogo nyuma ya nyumba. Pana mahindi na maharagwe, pana migomba na viazi vitamu. Na kule pembeni, mahali ambapo udongo umechoka, pana mihogo. Ni wachache wanaousifu muhogo. Mahindi ndiyo yanayozungumzwa sokoni, na miwa ndiyo inayotazamiwa kuleta fedha. Lakini mvua ikikosekana, au bei ya unga ikipanda, mama wa nyumba huchukua jembe akaenda kule pembeni, wala hakuna mtoto atakayelala na njaa siku hiyo.

Leo nataka tuutazame mmea huu mnyenyekevu, kwa maana ndani ya shina lake imo historia ambayo si rahisi kuiona kwa macho. Katika vitabu vyetu vya historia tumezoea kusoma habari za vita, za mikataba na za watawala. Ni mara chache tunasoma habari za serikali kadhaa zilizotia fedha katika mfuko mmoja, si kwa ajili ya kununua silaha, bali kwa ajili ya kutafuta jambo lisilojulikana. Muhogo wa Khwisero ni tunda la mfuko wa namna hiyo. Nifuate, nami nitakueleza jinsi ulivyofika hapa.

Muhogo si mzaliwa wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini, na katika karne zilizofuata ukaenea bara zima. Mnamo mwaka 1894 mtaalamu Mjerumani aitwaye Warburg aliandika habari za ugonjwa wa mihogo katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Majani yalikuwa na mabaka ya manjano, yamejikunja na kupotoka. Ugonjwa huu leo tunauita batobato. Mmea ulioshikwa na batobato haufi upesi. Hudumaa tu, ukaendelea kuishi, na mkulima anapochimba baada ya mwaka mzima hukuta mizizi myembamba kama vidole vya mkono.

Yafaa uelewe kwa nini ugonjwa huu ni mgumu. Muhogo hatuupandi kwa mbegu; tunakata shina vipande vipande, na kila pingili huwa mmea mpya. Kwa hiyo mkulima akikata pingili katika mmea mgonjwa, ameupanda ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Na akimgawia jirani kwa ukarimu, amemgawia ugonjwa pia. Tena, katika miaka ya 1930, wataalamu wa Kongo, wa Nijeria na wa Tanganyika walithibitisha kwamba batobato huchukuliwa na mdudu mdogo, inzi mweupe, ambaye hufyonza maji ya jani gonjwa kisha akaruka kwenda kufyonza jani zima. Inzi huyo hasimami mpakani kuonyesha kibali. Basi serikali moja ingefaidi nini kwa kuponya mihogo yake, ikiwa mihogo ya nchi jirani imeugua?

Sasa twende Amani. Amani ni mahali katika milima ya Usambara, nyuma ya Tanga, penye misitu na mvua nyingi. Wajerumani walijenga hapo kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakakusanya mimea ya kila namna kutoka pande nyingi za dunia. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Waingereza walikitwaa kituo hicho mwaka 1916, lakini baada ya vita kilififia. Vitabu vilibaki rafuni na miti ikabaki shambani, ila watu wa kuendeleza kazi walikuwa wachache na fedha hazikutosha. Tume ya wabunge wa Uingereza, ambayo kiongozi wake alikuwa W. Ormsby-Gore, ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, na katika taarifa yake ya mwaka 1925 ilisikitikia hali hiyo.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo tunalolitafuta. Tanganyika peke yake haikuwa na uwezo wa kukiendesha kituo kikubwa kama kile. Kenya na Uganda nazo hazikuwa na sababu ya kujenga vituo vyao vya kushindana, maana wadudu na maradhi yao yalikuwa yale yale. Ikakubaliwa kwamba serikali za Afrika Mashariki zichange, Uingereza isaidie, na kituo kiwe cha wote. Mwaka 1927 Amani ilianza kazi upya kama kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki nzima.

Mwaka 1928 aliwasili hapo mtaalamu wa maradhi ya mimea, H. H. Storey, aliyetoka Afrika ya Kusini ambako alikuwa amechunguza ugonjwa wa mahindi. Yeye na wenzake waliukabili muhogo. Kwanza walikusanya aina za mihogo kutoka nchi mbalimbali wakazijaribu. Zipo zilizostahimili kidogo kuliko nyingine, lakini haikupatikana hata moja iliyokuwa salama kabisa. Ndipo, katikati ya miaka ya 1930, wakajaribu njia nyingine. Muhogo una jamaa zake, kama mtu alivyo na jamaa zake. Na mmoja wa jamaa hao ni mti wa mpira wa aina ya Ceara, ambao Wajerumani walikuwa wameupanda kwa wingi. Mti huo hauna mizizi ya kuliwa, lakini batobato haikuuweza. Wataalamu wakachukua chavua na kuuoza muhogo na mti wa mpira.

Watoto wa ndoa hiyo walikuwa na nguvu za mzazi mmoja na ubahili wa mzazi wa pili: hawakuugua, lakini mizizi yao haikufaa chakula. Ikalazimu kuwaoza tena na muhogo, na wajukuu nao na muhogo, hata mara ya tatu, huku wakichagua katika kila kizazi ile michache iliyozaa vizuri na kustahimili ugonjwa. Fikiri, msomaji, kwamba kila kizazi chahitaji kupandwa, kungojewa, kuchimbwa na kupimwa. Kazi iliyoanza kabla ya Vita Kuu ya Pili iliendelea vita vikiwaka, ikaendelea vita vilipokwisha, mpaka miaka ya 1950. Mkulima hawezi kungoja hivyo kwa fedha zake, wala mfanyabiashara hakubali kutia mali mahali ambapo faida yake itaonekana mjukuu wake akiwa mzee. Kazi ya namna hii yataka mfuko usiokufa upesi. Na mfuko uliochangwa na wengi hauyumbi kwa urahisi mmoja wao anapopungukiwa.

Lakini sipendi nikuandikie historia tamu isiyo na uchungu. Serikali zile hazikuwa serikali zetu. Zilikuwa za wakoloni, na sehemu ya fedha zao ilitoka katika kodi ya kichwa na ya kibanda waliyotozwa babu zetu, ambao hawakuulizwa kama wanataka utafiti au hawautaki. Majina tunayoyasoma juu ya taarifa za Amani ni ya Wazungu. Watu waliopalilia mashamba yale na kuchimba mihogo ile kwa hesabu hatuwaoni katika taarifa hizo. Nakuambia haya si ili uidharau kazi yenyewe, bali ujue kwamba elimu ile si zawadi tuliyopewa bure. Babu zetu waliilipia, na kwa sababu hiyo ni haki yetu, na kuitunza ni wajibu wetu.

Mwaka 1948 ushirikiano huo ulipewa nyumba kubwa zaidi. Iliundwa Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, iliyosimamia reli, posta na huduma nyingine za Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Utafiti ukawa mojawapo ya huduma hizo. Makao ya utafiti wa kilimo na misitu yakahamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, na hapo hapo pakawa na kituo cha utafiti wa maradhi ya mifugo. Katika kituo hicho Walter Plowright na wenzake walitengeneza, kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, chanjo mpya ya sotoka, ugonjwa ambao katika miaka ya 1890 ulikuwa umeangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki na kuwatia wafugaji katika njaa kubwa. Mataifa mengi yaliitumia chanjo hiyo katika kampeni za pamoja. Na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Hadi leo ni maradhi mawili tu ambayo binadamu ameyafuta kabisa, ndui kwa watu na sotoka kwa mifugo, na silaha kubwa ya kufutia hili la pili ilitengenezwa kwa mfuko wa pamoja wa Afrika Mashariki.

Turudi kwenye muhogo. Wakati kazi ya Amani ilipokuwa ikikaribia kwisha, wataalamu walifanya jambo ambalo wakati ule huenda lilionekana dogo. Walizigawa mbegu za mihogo yao chotara kwa vituo vya nchi nyingine za Afrika. Nyingine zilifika Ibadan, katika Nijeria. Huko zikapandwa, na katika miche iliyoota ukachaguliwa mmoja uliopewa nambari 58308. Mmea huo haukuwa na umaarufu wowote; ulikuwa mmea wa shamba la majaribio, uliotunzwa na watu wasiojua bado utafaa nini.

Mwaka 1967 ni mwaka wa kukumbukwa mara mbili katika habari hii. Mwezi wa Juni, viongozi wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia sahihi katika mji wa Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na huduma za utafiti zikawa mali ya Jumuiya. Mwaka huo huo, katika Ibadan, ilianzishwa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto. Nijeria ilitoa ardhi, na mashirika mawili ya hisani ya Marekani yakatoa fedha za kuanzia. Kisha mwaka 1971 serikali nyingi, pamoja na mashirika ya kimataifa, ziliungana kuchangia vituo vya utafiti wa chakula vya namna hiyo duniani. Katika taasisi hiyo ya Ibadan, mtaalamu kutoka Korea, Sang Ki Hahn, aliuchukua ule mmea 58308, mjukuu wa Amani, akauoza na mihogo ya Afrika ya Magharibi na ya Amerika ya Kusini. Ikapatikana mihogo yenye mizizi minene iliyosimama imara mbele ya batobato.

Huku kwetu, nyumba ilikuwa ikianguka. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Wakubwa waligombana juu ya siasa na juu ya nani anafaidi zaidi kuliko mwenzake. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, nao haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Ndege, meli, mabehewa na madeni vilihesabiwa, na mapatano ya kuvigawa yalitiwa sahihi mwaka 1984. Muguga ikabaki ndani ya Kenya, na mwaka 1979 Kenya ikaunda shirika lake la utafiti wa kilimo. Uganda na Tanzania zililazimika kuanza kujitegemea bila maabara ambazo nazo zilikuwa zimezichangia.

Hapa, msomaji, simama kidogo ufikiri. Behewa la treni likigawanywa, mmoja hulipata na mwingine hulikosa. Maarifa hayawi hivyo. Ukimpa mwenzako pingili, nawe una shina lako. Ukimfundisha unachojua, hujapungukiwa na kitu. Jumuiya iliweza kufa, na mali yake ikagombaniwa miaka saba, lakini ile mbegu iliyokuwa imetolewa mapema ilikuwa salama mahali ambapo ugomvi wetu haukufika. Lau ingalifungiwa katika kituo kimoja, nani ajuaye kama ingalipatikana siku ilipohitajiwa?

Na siku hiyo ilikuja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, batobato ya namna mpya, kali kuliko ile ya zamani, ilizuka katika Uganda ya kati. Baadaye, mwaka 1997, wataalamu walibaini kwamba virusi vya aina mbili vilikuwa vimechanganyika na kuzaa kirusi cha tatu. Ugonjwa ulisonga mbele mwaka baada ya mwaka, ukiacha nyuma mashamba yaliyokauka na watu walioacha kupanda muhogo kabisa. Kufikia mwaka 1995 ulikuwa umevuka mpaka na kuingia magharibi ya Kenya.

Mimi nilikuwa mtoto wakati huo. Nakumbuka nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita kukhu, akichimba shina baada ya shina katika shamba lake na kuviweka vile vizizi vyembamba juu ya jani la mgomba, bila kusema neno. Wapo majirani waliosema ni uchawi, na wapo waliosema ni udongo umekufa. Mwaka huo tulikula mara moja kwa siku, miezi mingi. Sikujua kwamba dawa ya shamba lile ilikuwa imekwisha kutafutwa, miaka sitini kabla, katika mlima ambao kukhu hakupata kuusikia jina lake.

Uganda ndiyo iliyoanza kujikwamua. Wataalamu wake walikuwa wamekwisha kuipokea mihogo ya Ibadan na kuijaribu, na katikati ya miaka ya 1990 wakulima walipewa aina zilizoitwa Nase 1, Nase 2 na Nase 3. Hii ya tatu wengi waliijua kwa jina la Migyera. Kisha serikali ya Kenya na ya Uganda, kwa msaada wa taasisi ya Ibadan na wafadhili wa nje, zikakubaliana namna ya kuvusha mihogo hiyo bila kuvusha ugonjwa. Karibu na Busia lilitengwa shamba la karantini. Pingili kutoka Uganda zilipandwa hapo, zikakaguliwa, na zilizoonekana safi zikazidishwa na kugawiwa wakulima wa magharibi ya Kenya. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mgeni huyu alikuwa mwenyeji aliyerudi: alitoka Usambara akiwa mbegu, akakaa Nijeria miaka mingi, akapitia Uganda, akafika kwetu akiwa kijiti cha urefu wa shibiri moja.

Jambo jingine la ajabu ni hili. Pwani ya Kenya wakulima wana muhogo waliouita Kaleso, na kusini mwa Tanzania wakulima wana muhogo waliouita Namikonga. Wote wawili huvumilia ugonjwa mwingine mbaya, ule wa michirizi ya kahawia, ambao Storey aliueleza mwaka 1936. Wataalamu walipochunguza walikuta kwamba Kaleso na Namikonga ni muhogo mmoja, chotara wa Amani. Mpaka ulifungwa na Jumuiya ikavunjika, lakini pande zote mbili za mpaka wakulima waliendelea kupandana pingili za mama mmoja bila kujua.

Usidhani kwamba kazi imekwisha. Michirizi ya kahawia, ambayo zamani ilikaa pwani, ilianza kuonekana Uganda tangu mwaka 2004, na imefika magharibi ya Kenya. Kuanzia mwaka 2012 nchi tano, yaani Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi na Msumbiji, zilitoa kila moja aina zake bora za mihogo, zikasafishwa virusi katika maabara na kujaribiwa katika nchi zote tano. Hiyo ni roho ile ile ya Amani, tena safari hii katika mikono ya wataalamu wa Afrika wenyewe. Lakini sehemu kubwa ya fedha za kazi hiyo ilitoka kwa mfadhili wa mbali. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999 ina tume yake ya sayansi na teknolojia, yenye makao Kigali. Viongozi wa Afrika wamepatana kwamba kila nchi itumie angalau asilimia 1 ya pato lake katika utafiti, na sheria ya Kenya ya mwaka 2013 imetaja asilimia 2. Maneno ni mazuri. Fedha hazijafika hapo bado. Wakoloni, ambao hawakutupenda, waliona faida ya kuchanga pamoja. Je, sisi tunaopendana tutashindwa?

Msomaji wangu, huenda wewe utakuwa mkulima, au mtaalamu wa maabara, au mbunge atakayepiga kura juu ya fedha za serikali. Siku utakapoulizwa kwa nini nchi maskini itoe shilingi zake katika mfuko ulio pia wa jirani zake, kwa ajili ya jambo ambalo matunda yake hayataonekana kabla ya uchaguzi ujao, usitafute jibu mbali. Nenda nyuma ya nyumba, pale pembeni mwa shamba, ukalitazame jani la muhogo. Likiwa kijani bila mabaka, basi kuna watu waliochanga kabla hujazaliwa. Kisha kata pingili moja nzuri, umpelekee jirani.